"Wanatuanika"

Kuna maneno nimeyasikia mara nyingi hapa Malindi, na wanaoyasema si mashekhe wala wachungaji. Ni watu wetu wenyewe, wanaume wapendao wanaume, wenye kazi zao mahotelini na wengine wana wake na watoto: "Hawa matransjenda wanatuanika," yaani watu wanaojitambua kwa jinsia tofauti na waliyoandikiwa walipozaliwa. Eti wangevaa suruali na kupunguza madaha, sote tungekaa kwa amani.

Sikubali hata kidogo. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Februari 2023 wanaijua wote: majaji watatu kwa wawili walisema bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji. Wanachosahau ni kwamba mwaka 2014 Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, na wenzake wa shirika la Transgender Education and Advocacy walishaishinda bodi hiyo hiyo katika Mahakama Kuu. Mwaka huo huo, katika kesi ambayo Mbugua alilishtaki baraza la mitihani, mahakama ikaamuru apewe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Alisimama kwa jina na sura yake, magazeti yakimwandika kila uchao. Hao wa "wanatuanika" walikuwa wapi?

Tabia hii ya kuwatupa matransjenda haikuanzia kwetu. Polisi walipovamia Stonewall, baa ya mashoga huko New York, Juni 1969, Marsha P. Johnson, aliyezaliwa mwanamume akaishi kwa jina na mavazi ya kike, alikuwa miongoni mwa waliopambana nao. (Hadithi ya kwamba yeye ndiye aliyerusha tofali la kwanza iacheni, mwenyewe alisema alifika ghasia zimeshaanza.) Mwaka uliofuata yeye na Sylvia Rivera, aliyeishi vivyo hivyo, wakaanzisha kundi la STAR, wakawatafutia malazi vijana waliofukuzwa makwao. Mwaka 1973 Rivera akapanda jukwaani kwenye mkutano wa harakati zile zile za mashoga na wasagaji, akazomewa na wenzake. Jimbo la New York lilipopitisha sheria ya kuwalinda mashoga na wasagaji mwaka 2002, matransjenda waliachwa nje. Wao walilindwa mwaka 2019. Rivera alikuwa ameshafariki, mwezi Februari ule ule wa 2002.

Hata miondoko ambayo vijana wetu wanaiga kwenye simu, mikono ikikatakata hewa, imetoka kwenye mashindano ya madaha na mavazi ya mashoga na matransjenda weusi na Walatino wa New York, ambako Crystal LaBeija, aliyeshindana kwa sura ya kike, alianzisha "nyumba" yake, yaani kundi la washindani walio kama familia. Mama wa nyumba ndiye aliyewalea waliokataliwa na mama zao.

Mama wa namna hiyo tunaye hapa. Namjua dada mmoja anayepaka maharusi hina na piko. Huanza na ua moja kubwa kiganjani, akapanda na vijani vidogo vidogo hadi ncha za vidole, mkono wake hautetemeki, huku akimkemea bi harusi: "Usikunje ngumi, mwanangu, ngoja ikauke!" Kabla ya Ramadhani mama zetu humgombania. Sasa akienda kwa wakala kutoa pesa alizolipwa, kitambulisho kina jina la kiume. Wakala hutazama picha, humtazama yeye, kisha humwita mwenzake aje ashuhudie. Siku nyingine hurudi mikono mitupu na pesa zake zi simuni. Na chumbani kwake, Muyeye, wamelala vijana wawili waliotimuliwa kwao. Wote wawili ni mashoga. Hao wanaume wa hoteli hawakuwapokea.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu. Mbugua mwenyewe amesema hadharani kwamba mambo ya matransjenda yasichanganywe na ya mashoga. Kisheria ana lake: vifungu 162 na 165 vya kanuni ya adhabu vinahusu vitendo vya kitandani, wala havisemi chochote juu ya mtu kujitambua kuwa mwanamke au mwanamume. Haja ya transjenda ni karatasi na matibabu. Lakini wahuni wa kituo cha tuktuk hawasomi vifungu. Tusi analotupiwa dada yule ndilo lile lile atakalotupiwa meneja wa hoteli siku siri yake ikifichuka, na mpaka sasa dada ndiye anayelipokea kwa niaba yake.

Kwa hiyo wenye mishahara wamchangie wakili wa kushughulikia kubadilisha jina kwenye kitambulisho. Na kodi ya kile chumba cha Muyeye, wanakolala watoto wasio wake, waigawane wao.