Meza moja Oslo, mafundi watano Ng'ambo ya Unguja

Picha zinazotumwa sana nyumbani na Wazanzibari wa Oslo ni za paa. Nyumba ya opera ya mji huu, iliyofunguliwa 2008, ina paa la marumaru nyeupe kutoka Carrara, Italia, linaloteremka mshazari mpaka majini. Anayetaka anapanda bure, na watoto wake na mkate mkononi. Swali linalorudi kutoka Unguja huwa moja: nani kachora? Ubishi wangu unaanzia hapo, kwa sababu hakuna mchoraji mmoja wa kumtaja.

Ofisi iliyobuni jengo hilo inaitwa Snøhetta, jina la mlima wa huku. Ilianza 1989 na inafanya kazi katika ghala la zamani bandarini Oslo, sawa na mtu angefungua ofisi katika maghala ya Malindi. Chini ya paa moja, kwenye meza moja, wamo wasanifu majengo, wabunifu wa mandhari, wabunifu wa vyumba vya ndani na wachora nembo. Kazi iliyowatoa ni maktaba ya Aleksandria, Misri. Walishinda shindano la 1989 lililokuwa na washiriki zaidi ya 500, na jengo likafunguliwa 2002: duara la mita 160 lililoinamia bahari, na ukuta wa nje wa mawe ya Aswan uliochongwa herufi za maandishi ya dunia nzima. Hata noti za Norway zilizoanza kutoka 2017, upande wa nyuma ni mkono wao. Ofisi ya majengo kuchora pesa, kwetu ingekuwa kichekesho.

Turudi kwenye paa. Lile ni paa, kwa hiyo lisivuje. Ni uwanja pia, kwa hiyo mtu asiteleze wala kiti cha magurudumu kisikwame. Theluji inayeyuka juu yake, maji yapate njia. Na wasanii watatu, Kristian Blystad, Kalle Grude na Jorunn Sannes, walishiriki kubuni jinsi mawe yatakavyokatwa na kupangwa, pahala pengine yakwaruze, pengine yawe laini. Sasa fikiria kila mmoja angekuja mwenzake keshamaliza. Wa maji angetoboa mawe ya msanii, na wa mandhari angeweka ngazi juu ya njia ya maji. Ndani ya jengo upo ukuta mkubwa wa mbao za mwaloni uliopinda kama wimbi, na waliouunda ni mafundi wa mashua, kwa vile wao ndio wanaojua kupinda mbao. Sisi tunao mafundi wa majahazi Nungwi, wanaochonga mataruma, zile mbavu za jahazi, kwa tezo na kupanga mbao kwa macho tu, lakini dari ya hoteli iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka ufukwe wao inaagizwa nje ndani ya kontena.

Mfano wa pili, kazi ya ofisi hiyo hiyo, ni mkahawa wa Lindesnes, kusini mwa Norway, uliofunguliwa 2019. Sehemu yake imezama, na ukumbi wa kulia uko kama mita tano chini ya maji. Kuta za zege zina unene wa nusu mita. Jengo hilo lilijengwa juu ya tishari, likavutwa mpaka pahala pake, likajazwa maji lizame, likafungwa kwa bolti kwenye msingi uliokwisha kuwekwa chini, ndipo maji yakatolewa. Zege la nje liliachwa na mikwaruzo kusudi kome washike na wazaliane. Wazo kama hilo linataka mtu wa viumbe vya baharini awepo mezani tangu mwanzo, kwa sababu muashi na mhandisi peke yao wasingelifikiria. (Msidhani chumba cha chini ya maji ni kitu kigeni kwetu. Kaskazini Pemba kipo tangu 2013, kinaelea na kimetiwa nanga, kabuni Mswidi Mikael Genberg.)

Kwetu mambo yanakwenda kwa foleni. Mchoraji ramani anachora, ramani inapelekwa kwa mhandisi kutiwa muhuri, halafu anaingia muashi, nyuma yake fundi bomba, nyuma yake fundi umeme, mwisho wa dari na rangi. Kila mmoja anaingia wa kabla yake keshalipwa na keshaondoka. Sikubali tunapowalaumu mafundi. Fundi wa Unguja, mkononi, hana la kujifunza kwa wengi wa huku. Kinachomuangusha ni kwamba anaitwa mambo yameshaharibika.

Chukua choo cha ghorofa ya kwanza katika nyumba yoyote mpya ya mitaa ya Mombasa au Mwanakwerekwe, hapo Unguja. Zege la sakafu limemwagwa, inchi sita, nondo za milimita 12 kila sentimita 15 au 20. Wiki tatu baadaye anakuja fundi bomba na patasi. Bomba la choo ni la inchi nne, kwa hiyo anatoboa tundu la inchi saba au nane, na nondo mbili anazozikuta njiani anazikata, maana bomba halipindi. Tundu linazibwa kwa saruji mkono mmoja, isiyoshikana vizuri na zege la zamani. Miezi sita baadaye dari ya chini inaota doa la rangi ya chai. Hapo mwenye nyumba anabandua vigae, anapaka dawa, anabandika vigae vipya, na doa linarudi, kwani maji yanapita pembeni mwa bomba wala si kwenye vigae.

Tiba yake ilikuwa kipande cha bomba la inchi sita, urefu sawa na unene wa zege, kisimamishwe kwenye mbao kabla ya kumwaga. Basi. Bei yake ni ndogo kuliko chai ya mafundi ya siku hiyo. Lakini ili kiwekwe, lazima mtu awe ameamua choo kitakaa wapi, na hapo ndipo hesabu nyingine zinapofuata. Bomba la inchi nne linataka mteremko wa kama sentimita mbili na nusu kila mita. Kama kutoka chooni mpaka nje ni mita nne, mwisho wake umeshuka sentimita 10. Ongeza unene wa bomba lenyewe, sentimita 11, na nafasi ya vibanio, sentimita nne. Dari ya chumba cha chini imeshuka sentimita 25. Chumba kilichojengwa mita 2.80 kimebaki 2.55, ukitundika feni inaning'inia mita 2.20 au chini yake, na bwana harusi mrefu akinyanyua mikono kuvaa kanzu, inamkata vidole. Mbunifu wa vyumba, mtu wa bomba na mhandisi wakikaa pamoja nusu saa, choo kinasogezwa kwenye ukuta wa nje na tatizo halizaliwi. Huku wanaliona kwenye kompyuta: ukuta, bomba na waya vimo katika modeli moja, na panapogongana panawaka nyekundu. Kwetu hata kompyuta haihitajiki. Zichorwe ramani tatu kwa kipimo kimoja kwenye karatasi inayopitisha mwanga, zipandanishwe, zishikwe mbele ya dirisha.

Na choo hicho kisitiwe vigae mpaka kijaribiwe. Ziba tundu, jaza maji kina cha sentimita tano, yaache siku nzima na usiku wake, tia alama ya penseli ukutani. Yakishuka kuliko ndoo iliyowekwa pembeni kulinganishia jua na upepo, pana pahala panavuja.

Kibaya zaidi ni kwamba zamani meza hiyo tulikuwa nayo, ila ilikuwa kichwani mwa fundi mkuu mmoja. Nyumba za Mji Mkongwe vyumba vyake ni vyembamba, kiasi cha mita tatu, kwa sababu boriti za mikoko hazivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Boriti iliamua upana wa chumba, chumba kikaamua ukuta, na ukuta wa mawe ya matumbawe na udongo mwekundu, unene nusu mita au zaidi, ukaamua aina ya plasta. Plasta ilikuwa chokaa, kwa kuwa ukuta ule unakunywa maji kutoka ardhini na lazima uyatoe. Chokaa inapumua. Saruji haipumui.

Anayekarabati leo anapaka saruji nje kwa kuwa inakauka upesi na inang'aa. Unyevu unapanda ndani ya ukuta, unakosa pa kutokea, unakwenda juu zaidi, na chumvi inaganda nyuma ya plasta mpaka inaisukuma vipande vipande. Plasta ikianguka inachukua uso wa jiwe. Vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinakaa majini mwaka mzima na vinaoza pasipoonekana. Juu yake linawekwa tangi la maji la lita elfu mbili, yaani tani mbili, na mashine za baridi zinadondoshea maji ukuta ule ule. Kazi sahihi ni ya polepole: chokaa iliyolowekwa wiki nyingi, sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu, tabaka zisizozidi sentimita moja na nusu, magunia mabichi juu yake jua lisiikaushe, na kila tabaka isubiri iliyotangulia ikaze. Mwenye hoteli anayetaka kufungua Juni hapendi kusikia hayo.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2000. Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya Beit el Ajaib, jengo la Sultani Sayyid Barghash la 1883, ilianguka likiwa katika ukarabati, na watu wawili walifariki. Sizungumzi chanzo hapa. Ninalosema ni kwamba jengo la mawe ya matumbawe, chokaa, nguzo za chuma na boriti kwa pamoja halina fundi mmoja anayelijua lote.

Wala tusiseme hatuwezi. Forodhani tunayokula mishikaki na urojo, iliyofunguliwa upya 2009 kwa kazi ya shirika la Aga Khan, ukuta wa bahari, mifereji ya maji, taa, miti na pahala pa wauzaji vilipangwa kwa pamoja. Ndiyo maana masika yakipiga, bustani ile inakauka mapema kuliko mitaa ya nyuma yake.

Huku nako kuna karaha yake, na wanaosifu ulaya moja kwa moja huwa hawajajenga ulaya. Kubadilisha sura ya nje ya nyumba kunaweza kuzunguka barua na saini, kila mtaalamu analipwa kwa saa, na kijana wa kawaida hawezi hata kuota kujenga kwa mkono wake kidogo kidogo kama tunavyofanya sisi. Tena meza ya wataalamu bila mwenyeji inazaa mengine. Majumba ya Michenzani yalipangwa na Wajerumani Mashariki wenye elimu zao kamili, yakatoka marefu kama treni, na nyumba imara watu wengi wakapata. Lakini baraza haimo, na maji kupanda ghorofa za juu yamekuwa kazi ya ndoo. Jua pia lina lake. Oslo mwezi wa Disemba adhuhuri jua liko nyuzi saba hivi juu ya upeo, kila kioo kinalikimbilia. Unguja jua linapita utosini mwanzo wa Machi na tena Oktoba, na linalochoma nyumba ni la asubuhi na la alasiri. Kwa hiyo upande mrefu uelekee kaskazini na kusini, na kuta za mashariki na magharibi ziwe fupi, zenye madirisha madogo. Nyumba za vioo zinazoota Fumba na Mbweni zinafanya kinyume, halafu zinalipia umeme.

Kwa mlio nje mnaotuma pesa, ninachokishauri ni hiki. Ile ramani ya bei ya kutupa iacheni. Kabla ya msingi, lipeni siku moja tu, wakae pamoja mchoraji, mhandisi, fundi bomba, fundi umeme na muashi mwenyewe atakayejenga, pamoja na yule atakayeishi humo, hata kama ni bibi. Watoke na karatasi moja inayoonyesha matundu yote ya zege na njia zote za waya. Mchanga ukifika, ulizeni umetoka wapi, kwani wa mashimo umekuwa adimu, na wa pwani una chumvi inayokula nondo kutoka ndani. Nondo ikipata kutu inavimba na kupasua zege. Karibu na bahari iachieni kifuniko cha zege cha sentimita nne au tano, na biskuti za kuishikilia ziwe za zege, vipande vya mbao havifai.

Na wengi wetu tunaishia ghorofa ya chini, pesa zinakata, nondo zinabaki angani miaka zikisubiri. Nondo ya milimita 12 iachwe sentimita 60 juu ili ipate kuungwa. Sugueni kutu kwa brashi ya waya, pakeni uji mzito wa saruji, halafu zijengeeni kifuko cha zege dhaifu, saruji moja, mchanga tatu, kokoto sita, na juu yake kichwa kilichoinama maji yasitue. Ikifika zamu ya ghorofa, hata baada ya miaka mitano, muashi anakigonga kwa nyundo, kinapasuka, na nondo inatoka ikiwa ngumu kama ilivyoingia.