Saa Mbili na Kiatu Kimoja

Mimi mtoto wa Mkoani, Pemba. Baba mvuvi, babu mvuvi, na kabla sijajua kusoma nilishajua kuwa mwezi ukiandama au ukipevuka yanakuja maji ya bamvua, na katikati yake ni maji mafu. Naanza na hili mapema ili asitokee mtu akasema, "Masikini, mtu wa bara yule, bahari alikuwa haijui." Naijua. Ndiyo maana aibu hii haijanitoka mpaka leo.

Mama mkwe alikuja kututembelea Newcastle mwanzoni mwa Machi. Alikubali makoti mawili, soksi tatu na chai isiyo na hiliki siku nilipokosa kununua, lakini jambo moja alikataa katakata: kuirudisha nyuma saa yake ya mkono. "Hii saa ya nyumbani," alisema. "Nikiitazama najua saa hizi wanaswali au wanakula. Nikiigeuza nitakuwa nimewatupa." Nikamwambia hakuna tabu, mama, iache hivyo hivyo, kila ukitaka saa ya huku toa saa tatu. Akalishika hilo kama aya. Ukimuuliza saa usiku wa manane, anatoa tatu na kukujibu kabla hujamaliza swali.

Jumapili ya mwisho ya mwezi ule mke wangu alikuwa kazini, nikapewa jukumu la kumtembeza mamake. Nikasema nitampeleka kisiwani, maana mtu wa kisiwa humpelekei makumbusho ya treni. Kuna kisiwa kinaitwa Lindisfarne, huko juu Northumberland, mwendo wa saa moja na zaidi kwa gari. Wenyewe wanakiita Kisiwa Kitakatifu. Kijiji ni kimoja tu, watu wake hawafiki 200, na njia ya kukifikia ni barabara ya lami iliyopita katikati ya bahari tangu 1954. Maji yakipwa unapita. Yakijaa, barabara inakwenda chini, na kisiwa kinakuwa kisiwa kweli kwa saa tano au zaidi. Hiyo ni mara mbili kila siku.

Nilitazama ratiba ya kuvuka: salama mpaka saa tano na nusu asubuhi, kisha hakuvukiki mpaka karibu saa kumi na mbili jioni. Mama mkwe akahesabu vidole, akasema, "Baba, kesho kutwa mwezi unaandama. Hayo ni maji ya bamvua, yanakuja mbio. Tusikawie."

"Mama," nikamwambia, kwa sauti ninayotamani sasa ningeimeza, "bahari ya huku ina ratiba."

Tulivuka saa mbili na nusu. Mchanga umelala kulia na kushoto, mawimbi yako mbali. Pembeni kuna nguzo ndefu zilizochomekwa mchangani kuonyesha njia ya zamani waliyopita mahujaji kwa miguu, na kando ya barabara kuna kibanda cheupe kimesimama juu ya miguu mirefu. Mama mkwe akauliza, "Lile dungu wanafukuzia ndege gani?" Nikamwambia si dungu la mpunga, ni la kupanda watu waliokamatwa na maji. Tukacheka sana wajinga wa namna hiyo.

Makaburini pa Kanisa la Mtakatifu Maria palikuwa pazuri kuliko nilivyotegemea. Baridi ipo, lakini jua limetoka, maua ya njano yameinamisha vichwa kati ya mawe, na nyuma yake magofu ya nyumba ya watawa yamesimama mekundu. Nikamweleza kuwa mtu wa sanamu ile, Aidan, alikuja hapa mwaka 635 kutoka kisiwa kingine, Iona, akajenga nyumba ya watawa ya kwanza. Na mwaka 793 wakaja Waviking kwa jahazi zao, wakaua na kupora. Mama mkwe akatikisa kichwa. "Watu wa kisiwani," akasema, "kila shari yao inakuja kwa chombo." Alikuwa akizunguka kaburi kwa kaburi, ananikemea nisikanyage, mara akasimama ghafla. "Nani analia?"

Nikasikiliza. Kweli, sauti ndefu inatoka upande wa bahari, kama wanawake matangani. Nikamwambia ni sili, wanyama wa baharini wanaolala kwenye fungu la mchanga. Akaniangalia vile anavyoniangalia nikimwambia bili ya umeme nimelipa.

"Majini hao," akasema, akaendelea na safari.

Upande wa mashariki wa kanisa kuna jiwe kubwa, pana, lenye shimo katikati. Mzee mmoja wa pale kijijini alikuwa anapita, akatuona tunaliangalia, akatueleza kwa raha zote. Ni kitako cha msalaba wa kale. Desturi yao, bibi harusi akitoka kanisani siku ya ndoa, wavuvi wawili wazee wanamshika mkono huyu na huyu, analiruka. Akiliruka vizuri, ndoa ina heri. Nikatafsiri neno kwa neno, na hapo ndipo nilipokosea. Ningemwambia ni jiwe tu.

"Mwanangu mimi kaliruka?"

"Mama, sisi tumeoana Chake Chake."

"Hajaliruka. Na yuko kazini." Akalitazama jiwe, akanitazama mimi. "Ruka wewe."

Mkwe akikuambia ruka, huulizi kina. Nikarudi nyuma hatua nne, nikaja. Miguu ilivuka, sikatai. Ila nyasi za kule asubuhi zina umande, na nilipotua mguu mmoja ulikwenda mashariki na mwingine ukabaki kwenye dini ya zamani. Ikasikika sauti. Suruali ilifunguka kuanzia pale panapokaliwa mpaka karibu na goti, mbele ya mama mkwe wangu, makaburini, Jumapili.

Mama mkwe aligeuka akaitazama bahari kwa heshima kubwa. Bila kugeuza shingo akavua kanga moja aliyojitanda juu ya koti, akainyoosha mkono nyuma. "Jifunge, baba." Nikajifunga. Maandishi yakaangukia palepale pa tatizo: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Yule mzee akauliza maana yake. Nikamwambia ni dua.

Sasa mtu mwenye akili angerudi kwenye gari. Lakini nilikuwa nimemwahidi bustani. Mwaka 1911 mwanamke mmoja bingwa wa bustani, Gertrude Jekyll, aliipanga bustani ndogo yenye ukuta wa mawe pande zote, imekaa peke yake uwandani, mbali kidogo na ile ngome iliyopanda juu ya jabali. Zamani askari wa ngome walilima mboga pale. Nilishaona picha zake, maua yanafurika mpaka juu ya ukuta. Nilichosahau kuangalia ni kuwa picha zile zilipigwa kiangazi. Machi tulikuta udongo. Udongo mzuri, sikatai, umechambuliwa, na vichipukizi vimetoa pua kidogo kama vinauliza baridi imekwisha au bado.

Mama mkwe akasimama getini. Huyu ni mtu ambaye uani kwake kuna mlangilangi, asumini, kilua na mrehani, mchana na usiku panakunukia kama harusini. "Nimepanda ndege mbili," akasema taratibu, "nije nione matuta?"

Kilichoiokoa siku ni wanakondoo. Uwanda wote ulikuwa na kondoo na watoto wao, wengine umri wao wa siku chache, wanaruka kwa miguu minne kwa pamoja bila sababu. Mama mkwe alichukua simu yangu, akapiga video Pemba, akawaonyesha jirani, shoga zake, na fundi bati aliyekuwa anapita. "Mbuzi waliovaa sweta!" alipiga kelele. Wakaulizana bei. Wakakadiria nyama. Wakataka kumwona yule mkubwa kwa mbele. Kisha wakataka kuniona mimi, wakaniona, na kanga, na simu ikazimika kwa kuishiwa chaji katikati ya kicheko cha mji mzima.

Nikatazama saa yangu ya mkono: saa tano na dakika tano. Kwa kuwa mimi ni mtu makini, nikahakikisha. "Mama, saa yako inasemaje?"

Akaikodolea. "Saa nane na dakika tano. Toa tatu. Saa tano na dakika tano."

Saa mbili, za watu wawili, za nchi mbili, zimekubaliana mpaka dakika. Ushahidi gani zaidi ya huo? Tuna dakika ishirini na tano, na gari lile pale. Ila mama mkwe alikuwa anaangalia ufukweni. "Baba, saa zinasema saa tano. Maji yanasema saa sita."

Tulipofika barabarani, barabara haikuwapo. Lami inateremka taratibu, halafu bahari. Kando kuna bango lenye picha ya gari limezama mpaka madirishani, limeandikwa maneno ya kumaanisha: huyu anaweza kuwa wewe. Nikashuka. Nikasema labda ni maji ya kifundo tu, nitapima. Mama mkwe akasema kwa dirisha, "Mume wangu miaka arobaini baharini hajawahi kupima bamvua kwa mguu." Nikapima. Mguu wa kwanza sawa. Wa pili, kiatu kikanasa kwenye mwani, nikavuta, mguu ukaja, kiatu kikabaki. Wimbi likakichukua. Kilikwenda bila haraka, kimekaa wima, kama mtu aliyekata tiketi ya Norwei.

Tukarudi kijijini. Nina kanga, nina kiatu kimoja. Aliyetupokea mlango wa mkahawa ni yule mzee wa jiwe. Akanitazama chini, akapanda juu, akasoma tena ile dua, kisha akanionyesha saa ya ukutani. Saa saba kasorobo. Akasema polepole, kama anayemwambia mtoto habari ya msiba, kuwa usiku uliopita Uingereza nzima imesogeza saa mbele. Kila mwaka Jumapili ya mwisho ya Machi. Ninakaa nchi hii miaka kumi na moja.

Simu ilijisogeza yenyewe. Saa yangu ya mkono haikujisogeza. Na hesabu ya mama mkwe, iliyokuwa sahihi mwezi mzima, tangu alfajiri ile ilikuwa ya kutoa mbili.

Nilipomfafanulia hakusema kitu. Akaisifu chai, ambayo haikuwa na hiliki. Tukangoja muda wa saa tano nzima. Tuliingia kanisani kukimbia upepo, na mle ndani kuna sanamu kubwa ya mbao: watawa sita wamebeba jeneza begani, wameinama, wanakaza mwendo. Ni wale waliohama kisiwa mwaka 875 kwa hofu ya Waviking, wakaondoka na mwili wa Mtakatifu Cuthbert, askofu wao wa zamani. Nikaanza kumsimulia. Akaninyamazisha kwa mkono, akawaangalia kwa huruma mmoja mmoja.

"Hawa," akasema, "wanawahi maji."

Tulivuka jioni. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, maana habari za kanga alishazipata kutoka Pemba kabla hatujafika Newcastle. Mama mkwe akampita, akasema tu, "Mumeo kaliruka jiwe kwa ajili yako," akaenda kuswali.

Alirudi nyumbani Mei. Julai tukapata mzigo wake kwa mkono wa mtu: karafuu, hiliki nusu kilo, na bahasha ya khaki iliyoandikwa jina langu, kutoka kwa baba mkwe. Ndani mlikuwa na kubadhi jipya la ngozi, limeshonwa vizuri sana. La mguu wa kulia. Moja.