Pampu ya hita inanguruma na wapangaji tumekaa kimya

Watu wa nyumbani wakisikia nyumba za Uingereza zina joto la ndani wanadhani ni kubonyeza tu, baridi ikija unawasha, basi. Ngoja niwaeleze. Kuna boila inachemsha maji kwa gesi, halafu kuna pampu inayasukuma yale maji ya moto kwenye mabomba yanayopita chini ya mbao za sakafu mpaka kwenye marejeta, yale mabapa ya chuma yanayotoa joto, karibu kila chumba kina rejeta lake ukutani, maji yakipoa yanarudi kuchemshwa tena, mzunguko ni huohuo kutwa nzima. Hiyo pampu ni ndogo, unaishika kwa mikono miwili, lakini beringi zake zikichoka nyumba nzima inajua, mabomba ni ya shaba na sakafu ya mbao kwa hiyo mlio unasafiri mpaka unahisi umewekewa mashine ya kusaga chini ya kitanda.

Hapa Leeds ninapopanga pampu iko kabatini, pembeni ya tenki la maji ya moto, na kabati lenyewe limepakana na chumba ninacholala. Kazi yangu ni kutunza wazee, shifti za usiku, asubuhi ndo narudi kulala. Sasa Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni, hita inashinda imewashwa, na huwezi kuizima wakati watoto wako ndani. Yaani mtu umetoka kuwageuza wazee vitandani usiku kucha, unalala unasikia ngrrrr ngrrrr ukutani, ikinyamaza dakika mbili unakaa macho unasubiri ianze tena.

Na kelele za hita siyo aina moja, hili nataka watu walijue maana mafundi wengine wanakuzungusha. Ukisikia maji yanabubujika ndani ya mabomba na rejeta ni baridi juu ila moto chini, hiyo ni hewa. Zima hita ipoe, kuna kifunguo kidogo kinauzwa bei rahisi maduka ya vifaa, shika kitambaa fungua taratibu pale pembeni juu, itapiga mluzi ssss, maji yakianza kutoka funga. Halafu kaangalie geji ya presha ya maji kwenye boila kama unayo, ikiwa baridi mshale unatakiwa uwe kati ya 1 na 1.5, ukishuka chini ya hapo mfumo unahitaji kuongezewa maji. Rejeta likiwa moto juu na baridi chini hiyo ni tope jeusi la kutu limejikusanya, hapo mfumo unataka kusafishwa. Pampu za zamani nyingi zina kinobu cha spidi, 1, 2, 3, na ikiwekwa 3 kwenye nyumba ndogo maji yanapita kwa fujo mpaka mabomba yanavuma, saa nyingine kushusha tu inatosha. Ila ule mngurumo wa kukwaruza usiokoma hata ukitoa hewa yote, hizo ni beringi, pampu inabadilishwa na hakuna dawa nyingine. Na kama pampu yako imo ndani ya boila usifungue lile kava, kazi ya gesi huku ni ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe tu, yaani kwenye orodha rasmi ya mafundi wa gesi, kinyume cha hapo ni kosa kisheria na ni hatari ya kweli.

Ya kwangu ni beringi. Hewa nimetoa, spidi nimeshusha, bado. Nikamwambia wakala wa nyumba kwa simu akasema hizo ni kelele za kawaida za nyumba ya zamani.

Nyumbani kwa mama Tanga, Makorora, tuna pampu ya kupandisha maji kwenye tenki la juu. Ikianza kulia hivi mama anampigia fundi, kijana wa mtaani, anakuja na baiskeli na mfuko wake wa spana, anaifungua palepale barazani, beringi inafuatwa dukani mjini, magharibi ikiingia maji yako juu na fundi ameshakula ugali wetu. Huko hakuna wakala wala imeili. Hicho nakikumbuka sana na sitaki mtu aniambie ni ushamba, ni utu na ni ufundi. Lakini tuseme na upande wa pili, waya za pampu ile ile zimeungwa kwa selotepu karibu na sakafu yenye maji na hakuna mtu wa serikali aliyewahi kuja kuziangalia. Na mpangaji wa kule akilalamika anaambiwa kama hupendi hama, wakati kodi ya miezi sita ameshaitoa yote.

Hapo ndo penye tatizo letu huku. Tumekuja na ile hofu ya mwenye nyumba. Jirani yangu, mzee mmoja wa Bukavu, Kongo, pampu yake inagonga kuliko yangu, yeye anafungulia tivii kwa sauti mpaka usiku. Nilipomwambia tuandike barua akanijibu, "Ndugu, acha tu, watatutoa." Mzee wa watu amekimbia vita, ana haki ya kuogopa, simlaumu hata kidogo. Ila inaniuma, kwa sababu sheria ya hapa iko upande wake na yeye hana habari.

Sheria ya mwenye nyumba na mpangaji ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atunze vifaa vya maji, gesi, umeme na vya kupasha joto vikae vizima na vifanye kazi sawasawa. Kanuni za gesi za 1998 zinataka vifaa vya gesi vikaguliwe kila baada ya miezi 12 na wewe upewe nakala ya ile karatasi. Na sheria ya wapangaji iliyopitishwa 2025 kwa England inaondoa ule mtindo wa kukutoa bila sababu. Laiti nusu ya haya yangekuwa na nguvu Dar na Tanga. Lakini sheria haijui kwamba hulali, simu unayopiga haiachi alama, wakala anasema sawasawa halafu anasahau.

Kwa hiyo mimi nimeandika. Nimerekodi ule mlio kwa simu, mlango wa kabati ukiwa wazi na ukiwa umefungwa, nikaweka tarehe na saa, nikataja kifungu cha 11 na nikaomba wanipe siku ya fundi kuja. Jibu lilikuja na tarehe, lugha ikabadilika kabisa, ile habari ya kelele za kawaida haikutajwa tena. Fundi bado hajafika, akifika nitawaambia.

Mzee wa Bukavu nitamwandikia ya kwake Jumamosi, tumeshakubaliana, nyaraka zake zitabaki mkononi mwake. Na wewe uliyepo huku Yorkshire kama Kiingereza cha barua kinakusumbua nitumie mlio wako na picha ya pampu, naandika bure.