Kompyuta ndani ya thieta: nyonga mpya inafaidika nini?

Familia nyingi za Nairobi hukutana na suala hili zikiwa tayari kwenye kikundi cha WhatsApp cha mchango. Mama nyonga imelika, daktari ameshauri ibadilishwe, na hospitali fulani inajisifu kwamba kwake upasuaji huongozwa na kompyuta. Bili nayo inapanda. Je, inalipa?

Kubadilisha nyonga si jambo geni; upasuaji tunaoujua leo ulitokana na kazi ya John Charnley huko Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Daktari hukata kichwa cha fupa la paja kilichoharibika, huingiza shina la chuma mahali pake, na hukaza kikombe kipya kwenye tundu la nyonga. Kasheshe iko kwenye kikombe. Mara nyingi mgonjwa amelazwa ubavu, amefunikwa mashuka, na daktari anapima mwinamo kwa jicho na uzoefu. Kwenye mfumo wa kompyuta, pini huchomekwa kwenye fupanyonga zikiwa zimebeba alama zinazosomwa na kamera. Daktari anagusa sehemu kadhaa za mfupa kwa kijiti maalumu, mashine inajua nyonga imekaaje, na skrini inamwonyesha kikombe kimeinama nyuzi ngapi. Kukata bado anakata mwenyewe. (Roboti ni habari nyingine, ingawa matangazo huzichanganya.)

Faida zipo. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba vikombe vilivyokaa upande hupungua. Takwimu za kitaifa za Australia zinaashiria kuwa waliotumia kompyuta hawakurudishwa thieta mara nyingi kama wenzao kwa sababu ya nyonga kuteguka. Kwa mtu ambaye nyonga yake ilipinda tangu utotoni, au ilivunjika zamani ikaunga vibaya, alama za kawaida za mfupa hupotea, na hapo msaada huo naona una uzito.

Lakini usahihi ni wa kulenga shabaha ipi? Tangu 1978 madaktari wengi wamelenga kikombe kiwe na mwinamo wa nyuzi 40 na mzunguko wa kuelekea mbele wa nyuzi 15, pungufu au zaidi kwa 10. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichunguza nyonga zilizoteguka, wakakuta zaidi ya nusu zilikuwa ndani ya mipaka hiyohiyo. Fupanyonga huinama mtu anapokaa, na mgongo uliokakamaa hubadilisha hesabu yote. Sasa mfikirie mgonjwa anayerudi kijijini kwenye choo cha shimo na kigoda cha jikoni: anakunja nyonga kuliko yule wa kiti kirefu. Skrini haijui hayo asipoyauliza daktari.

Tena, nyonga mpya zinazoteguka ni chache, kama 2 katika 100, kwa hiyo hata punguzo zuri huwagusa wachache. Maumivu na uwezo wa kutembea baada ya miaka michache havijatofautiana sana. Muda wa thieta huongezeka, mashimo ya pini huweza kuuma au kuingia vijidudu, na mafuta mengi juu ya mfupa huweza kuipotosha mashine.

Mimi ningeuliza kwanza: daktari huyu hubadilisha nyonga ngapi kwa mwaka? Utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka 2014 ulikuta wagonjwa wa madaktari wanaofanya 35 au pungufu kwa mwaka walipata kuteguka na kurudiwa upasuaji zaidi. Kuna anayesema kompyuta ndiyo itamsaidia huyo asiye na mazoea. Huenda, ila mashine nayo ina ujifunzaji wake, na wagonjwa wa mwanzo ndio wanaoubeba.

Malawi ilianza daftari la kitaifa la viungo bandia mwaka 2005. Hospitali ya Nairobi inayotoza zaidi kwa sababu ya kompyuta ingefungua daftari lake mwenyewe: ni wangapi waliteguka, wangapi walirudi thieta, na ni shilingi ngapi za bili hiyo zinazokwenda kwenye mashine.