McMurtry Spéirling: sifa ni za feni kuliko betri

Aprili 2025, huko Gloucestershire, Uingereza, gari dogo la kiti kimoja lilipanda kwenye mtambo, kisha mtambo ukageuzwa mpaka dereva akawa kichwa chini, matairi juu. Gari halikuanguka. Likasogea mbele kidogo, limenata kama mjusi kafiri kwenye dari.

Ni McMurtry Spéirling, gari la umeme ambalo toleo lake la Pure ni la uwanja wa mbio tu. Wapo wanaosema limethibitisha kuwa zama za petroli zimekwisha. Wengine wanaliita kichezeo cha matajiri. Naona wote wanabishania betri, wakati utamu wenyewe uko chini ya sakafu.

Gari la kawaida la mbio hutegemea mabawa: hewa ikipita kwa kasi, inaligandamiza chini. Ukipunguza mwendo kwenye kona kali, bawa nalo linalegea, na hapo ndipo unapolihitaji zaidi. Spéirling ina feni mbili zinazofyonza hewa chini ya gari, huku sketi, yaani vizuizi vya kando vinavyoshuka karibu na lami, zikiziba pembeni hewa isiingie. Linagandamizwa kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 2,000 hata likiwa limesimama, ilhali lenyewe lina takriban kilo 1,000. Ndiyo maana liliweza kuning'inia. Kwenye kona, matairi yanashika lami kama yamebeba kilo 3,000, lakini mzigo wa kukatisha kona ni ule ule wa kilo 1,000. Kona ya kilomita 60 kwa saa, kwa hesabu ya karatasini, inapitika kwa 100 na ushei. Tairi halisi halitoi yote hayo, lakini hata robo tatu yake inatisha.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1978 dereva wa Formula One, Niki Lauda, alishinda mbio za Anderstorp, Sweden, na gari la Brabham BT46B lenye feni. Wapinzani wakalalamika, na gari halikushindana tena. Feni ile iliendeshwa na injini, kwa hiyo ilipanda na kushuka pamoja nayo. Hapa umeme unastahili heshima yake: feni ina mota yake na haijali mguu wa dereva uko wapi.

Juni 2022, dereva Max Chilton alipanda na Spéirling kilima cha Goodwood, Uingereza, kwa sekunde 39.08, akiipita Volkswagen ID.R, gari jingine la umeme la mbio, iliyotumia 39.9 mwaka 2019. Nilifurahi sana. Ila njia ile ni kilomita 1.86 tu. Chukua betri ya kWh 60, kama ya Spéirling ya mwanzo, na nguvu farasi 1,000, yaani kama kW 745: ukikanyaga mpaka mwisho bila kuachia, inaisha kabla ya dakika 5. Kweli hakuna anayekanyaga hivyo uwanjani, na breki hurudisha umeme kiasi, lakini joto la betri nalo linadai chake. Anayelinganisha sekunde hizo na gari linalokesha kwenye mbio za saa 24 za Le Mans anachanganya mambo mawili.

Hofu yangu kubwa zaidi ni ile sketi. Feni ziko mbili, moja ikizima nyingine inabaki. Lakini gari likirushwa na ukingo wa njia katikati ya kona na hewa ikapenya, dereva anapoteza mshiko mwingi kwa mara moja, tena akiwa kwenye mwendo ambao matairi peke yake hayauwezi. Rekodi ya kilima haijibu swali hilo. Ningependa kuliona likikimbia saa nzima, kwenye uwanja wenye mabonde, pamoja na magari mengine.