Abiria wa Mpito JKIA: Aingie Mjini Bila eTA?

Chukua abiria mwenye pasipoti ya India anayetoka Mumbai kwenda Lusaka kupitia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, na ana muda wa saa tisa kati ya ndege moja na nyingine. Akibaki ndani ya jengo la abiria, Kenya haimdai kitu, kwa sababu msafiri wa mpito asiyetoka uwanjani hahitaji idhini ya kielektroniki, yaani eTA. Akitaka kuvuka dawati la uhamiaji, hata kama ni kwenda kula nyama choma na kurudi, anahitaji idhini ileile anayoombwa mtalii wa miezi mitatu. Je, abiria wa namna hii afunguliwe mlango kwa muda mfupi bila kuomba mapema, kama zinavyofanya nchi kadhaa?

Wengi wanaobishana juu ya jambo hili wanachanganya vitu vitatu: kupita bila kutoka, kutoka kwa saa chache, na kukaa siku kadhaa kwa jina la mpito. Cha kwanza tayari ni bure. Kilichobaki ni hivyo viwili vya mwisho, na kila kimoja kina hesabu yake.

Kabla ya 2024, Kenya ilikuwa na viza ya kupita ya dola 20 iliyompa msafiri saa 72. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja ilikuwa dola 50. eTA ilipoanza Januari 2024, ada ya msingi ikawa dola 30. Kwa hiyo mtalii alipunguziwa dola 20, na mpita njia akaongezewa 10. Mzigo mwingine ni fomu yenyewe. Inataka pasipoti yenye uhai wa miezi sita, picha ya uso, tiketi, uthibitisho wa mahali pa kulala na malipo kwa kadi, kisha mwombaji ashauriwe kutuma maombi angalau siku tatu kabla ya safari. Mtu wa saa tisa hana hoteli ya kujaza. Na yule ambaye ndege yake ya kwanza imechelewa, ya pili ikamwacha, hana hizo siku tatu hata kidogo. Huyu wa mwisho ndiye hoja nzito kuliko zote kwa upande wa kulegeza masharti, na ajabu ni kwamba hutajwa kwa nadra. Shirika liko tayari kumlipia chumba, lakini hoteli kubwa za uwanjani, kama Crowne Plaza na Four Points, ziko ng'ambo ya dawati la uhamiaji. Analala kitini huku kitanda chake kiko umbali wa dakika tano kwa gari.

Mwaka 2025 mambo yalibadilika kwa kiasi kikubwa. Baraza la Mawaziri liliidhinisha Januari, na utekelezaji ukaja Julai, kwamba raia wa nchi za Afrika wasiombe tena eTA, isipokuwa wa Somalia na Libya. Matokeo yake ni kwamba Mnigeria anayeunganisha ndege kwenda Mumbai anatoka mlangoni kwa pasipoti yake tu, na Mhindi anayeunganisha kwenda Lagos anabaki ndani. Kwa kuwa abiria wengi wa mpito wa JKIA ni Waafrika wanaopita kwenda Asia, Ulaya au nchi nyingine ya bara hili, sehemu kubwa ya tatizo imekwisha. Mjadala sasa ni wa waliobaki: Wahindi, Wachina, Wazungu, Wamarekani.

Wanaotaka mlango ufunguliwe hupenda kutaja China. Kuanzia tarehe 17 Desemba 2024, China iliongeza muda wa mpito bila viza kutoka saa 72 au 144 hadi saa 240 kwa raia wa nchi 54, na Juni 2025 Indonesia ikafanya ziwe 55. Hakuna nchi hata moja ya Afrika katika orodha hiyo. Mfanyabiashara wa soko la Kamukunji, Nairobi, anayepitia Guangzhou ana kanuni ya saa 24 tu, nayo humweka ndani ya uwanja mpaka apewe kibali cha muda cha kutoka.

Cha kujifunza kwa China ni jinsi masharti yalivyofungwa kuliko ukubwa wa saa. Safari lazima iende nchi ya tatu: anayetoka Tokyo, akaingia Shanghai, akarudi Tokyo, huyo hayuko katika mpito. Tiketi ya kuendelea iwe na tarehe na kiti kilichothibitishwa, ndani ya muda ulioruhusiwa. Msafiri asitoke nje ya majimbo yaliyotajwa. Na saa 240 huanza kuhesabiwa usiku wa manane baada ya siku aliyoingia, wala si dakika aliyogongewa muhuri, ili anayetua jioni asipoteze siku. Nchi isiyoandika mambo hayo wazi huacha kila afisa wa zamu aamue kivyake.

Lakini mfano huu una kasoro. Viza ya China ina foleni na fomu ndefu, kwa hiyo kuiondoa ni nafuu kubwa. Ya Kenya ni dola 30 na fomu ya kwenye simu. Anayedai kwamba kuiondoa kutaleta umati wa wageni mjini anavuta kamba kupita urefu wake. Kinachomzuia mwenye saa tisa kutoka mara nyingi ni saa zenyewe.

Zihesabu. Ondoa saa moja ya kushuka na kusimama foleni ya uhamiaji. Ondoa saa tatu kabla ya ndege ya pili, kwa sababu ya ukaguzi wa usalama unaoanza barabarani kabla hata ya kufika kwenye jengo. Zimebaki tano. Kwenda mjini ni kilomita zisizozidi 20, na Expressway, barabara ya juu iliyofunguliwa 2022, humfikisha Westlands upesi akilipa tozo, lakini anayeshuka Mombasa Road ya chini saa kumi na moja jioni anaweza kumaliza saa nzima kabla ya kuona Nyayo Stadium. Zinabaki saa tatu, nne akibahatika. Hizo zinatosha Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117 zilizopakana na jiji, mradi amekwisha kulipia mtandaoni, kwani langoni hawapokei pesa taslimu. Akitaka kuwaona ndovu yatima wa kituo cha Sheldrick, muda wa wageni ni saa tano hadi saa sita mchana na nafasi hushikwa mapema. Aliyetua saa nne asubuhi asijisumbue. Aliye na chini ya saa nane, ushauri wa kweli ni abaki ndani, eTA iwepo isiwepo.

Kuna kitu kingine kinachosahaulika, nacho kinaweza kumgharimu msafiri kuliko ada yoyote: homa ya manjano. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. India humsamehe cheti cha chanjo msafiri aliyepitia nchi ya namna hiyo ikiwa afisa wa afya ameridhika kwamba hakutoka nje ya uwanja. Akitoka, msamaha umekwisha, na asiye na cheti anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Afrika Kusini nayo hudai cheti kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi ya aina hiyo, hata kama hakutoka. Na chanjo haisaidii mpaka zipite siku kumi. Kwa hiyo kibali cha kutoka bila onyo hili kingekuwa mtego kwa mgeni, na lawama ingeangukia Nairobi.

Upande wa wanaopinga husimama hasa juu ya usalama, na si woga mtupu. Mji huu uliona mashambulizi ya kigaidi ya Westgate Septemba 2013 na DusitD2 Januari 2019. eTA humpa afisa jina, pasipoti na safari ya mtu siku kadhaa kabla hajapanda ndege. Mashirika ya ndege pia hutuma taarifa za abiria, lakini hizo huja wakati wa kuondoka, na muda wa kuzichunguza ni wa saa, si siku. Tena wako wanaotumia mpito kama mlango wa uani. Januari 2024 Hispania iliwawekea Wakenya viza ya mpito wa uwanjani baada ya watu wengi waliobeba pasipoti za Kenya kushukia Madrid wakiwa safarini kwenda kwingine na kuomba hifadhi papo hapo.

Ukitazama kisa hicho vizuri utaona kinakata pande mbili. Wale wa Madrid walikuwa ndani ya uwanja, mahali ambapo Kenya tayari haidai chochote. Mlango wa kwenda mjini haukuhusika. Hata hivyo aliye ndani hurudishwa na shirika lililomleta, kwa gharama ya shirika. Aliyekwisha kutoka na kupotelea mtaani hana wa kumrudisha mpaka akamatwe.

Kuhusu mapato, hoja ya wapinzani ni dhaifu kwa saa 24 na ina nguvu kwa saa 72. Ukitoa siku tatu, mtalii wa London atashuka Nairobi, akae siku tatu, aende Zanzibar, kwa kuwa Tanzania ni nchi ya tatu, arudi Nairobi siku tatu nyingine, kisha apande ndege ya nyumbani. Amekaa Kenya siku sita na hakulipa hata senti. Huyo ni mtalii kamili, na hakuna sababu ya kumsamehe.

Hoja ya kulipizana, yaani wanaotufungia mlango nasi tuwafungie, tuiache kando. Ni kweli Mkenya anayebadilisha ndege Heathrow huhitaji viza ya mpito hata asipotoka, isipokuwa awe na viza halali ya nchi kama Marekani au Canada, na Marekani ilifuta mpito bila viza Agosti 2003. Lakini kumlaza mgeni kitini JKIA hakumpunguzii Mkenya foleni ya ubalozi.

Kwa mizani hiyo, kinachofaa ni saa 24, zisizidi, zihesabiwe tangu muhuri, kwa mwenye tiketi iliyothibitishwa ya kwenda nchi ya tatu. Taarifa zake ziwe zimetumwa na shirika kabla ya ndege kuondoka, na jina likizua shaka abaki ndani bila mjadala. Aliyeachwa na ndege kwa kosa la shirika apewe ruhusa hiyo kwa barua ya shirika, nalo lidhamini kumrudisha uwanjani. Saa 72 zibaki za kulipiwa, na bei ya dola 20 irudi.

Pagumu ni kwa mwenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Mizigo yake haikuandikwa kufika mwisho wa safari, kwa hiyo mara nyingi lazima aingie nchini aichukue na kuipeleka kaunta upya. Leo mtu wa namna hii bila eTA hukwama tangu alikotoka, maana shirika la kwanza linaona safari inayoishia Nairobi na halimpandishi. Kanuni mpya isipomtaja kwa uwazi, na kusema tiketi ya pili ikionyeshwa kaunta ya kwanza inatosha, mashirika yataendelea kumkatalia kwa kuogopa faini.