Nilivyoangamiza Samaki kwa Desimali Moja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza, "Hilo tu ndilo linalokusumbua?"

Mpwa wangu alikuwa ameliinamia daftari. Zoezi lilihusu bwawa la kufikirika: 0 maana yake halina samaki hata mmoja, 1 maana yake limejaa pomoni. Ukitaka hali ya mwaka ujao, chukua namba ya mwaka huu, izidishe kwa kilichopungua kufika 1, kisha zidisha kwa 4. Basi. Hakuna hata herufi ya Kigiriki. Anza na 0.2, nenda hadi mwaka wa 50.

"Lete hapa," nikamwambia. "Wewe tumia kompyuta yako, mimi nina kikokotoo na kalamu."

"Kalamu ya wino, mjomba?"

"Ya wino. Mimi sifutifuti."

0.2 ikazaa 0.64. 0.64 ikazaa 0.9216, nami nikaandika 0.922, maana desimali tatu zinamtosha mtu yeyote mwenye akili timamu. Maisha yangu yote nimekata mikia ya namba na hakuna namba iliyowahi kulalamika. Zikafuata 0.288, 0.82, 0.59, samaki wanapanda, wanashuka. Mwaka wa 10 walibaki 0.067 nikaanza kuwahurumia. Mwaka wa 11, 0.25. Mwaka wa 12, 0.75. Mwaka wa 13, 0.75 tena. Nikabonyeza upya nikidhani kikokotoo kimeganda. 0.75. Robo tatu mara robo mara nne ni robo tatu, leo, kesho na mtondogoo.

Jamani, raha niliyoipata! Kikokotoo nikakiweka kando. Nikateremka na ukurasa, 0.75, 0.75, 0.75, kwa mwandiko wa kadi ya harusi, hadi mwaka wa 50. Nikapiga mistari miwili chini, kisha nikatoa hotuba fupi kuhusu maumbile yanavyopenda utulivu.

Mpwa alinisikiliza hadi mwisho. Ana adabu. Halafu akanigeuzia kompyuta. Mwaka wa 13, ule ule niliowapumzisha samaki wangu, wa kwake walikuwa 0.0002, yaani wa kuhesabu kwa vidole. Miaka sita baadaye, 0.71. Kisha vurugu moja kwa moja, hakuna mwaka unaofanana na mwenzake.

"Mashine yako mbovu," nikasema.

Akarudi nyuma mstari kwa mstari, kidole kikasimama mwaka wa 2. "Hapa, mjomba. Uliongeza 0.0004."

"Hiyo si hata pezi la samaki!"

Ndipo akanisimulia habari za Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani. Mwaka 1961 aliiingizia kompyuta yake, iliyokuwa ikiigiza hali ya hewa kwa hesabu, 0.506 badala ya 0.506127, akaenda zake, na aliporudi akakuta hewa ya kule ndani imekwenda njia nyingine kabisa. Nikachangamka. Kumbe tuko wengi!

"Yeye aligundua jambo," mpwa akasema. "Wewe umeniharibia daftari."

Akaongeza kwamba Robert May, mwanaikolojia aliyeandika juu ya mlinganyo huu huu mwaka 1976, alisihi wanafunzi wafundishwe mapema, kwa kuwa unaweza kuukokotoa hata kwa mkono. Mkono wa nani, hakusema.

Mtu mzima haondoki hivi hivi. Nikaomba ukurasa mpya, nikaapa kutumia desimali nne. Safari hii tukaongozana na kompyuta bega kwa bega: 0.9216, 0.289, 0.8219. Mwaka wa 10 nina 0.1473, yeye 0.1478. Nikamkonyeza. Mwaka wa 11, 0.5024. Mwaka wa 12 ukanipa 0.99998, nikaikata mkia, nikaandika 1 kwa fahari. Bwawa limejaa!

Mwaka wa 13: kilichopungua kufika 1 ni sifuri. Sifuri mara chochote ni sifuri. Mwaka wa 14, sifuri.

"Samaki wako wapi, mjomba?"

Nikafunika kalamu.

"Wale wa daftari la kwanza," nikamwambia, "walikuwa na afya nzuri sana."